Bango si kibao

Leo nina ugomvi na neno moja tu: bango.

Ukifika ofisini kuuliza habari za kibali, kila kitu kinachosimama, kuning'inia au kupakwa rangi kando ya barabara ni bango. Lile dude la chuma kwenye barabara ya Thika linalotangaza sabuni ni bango. Kipande cha bati cha kinyozi chenye mshale, nacho ni bango. Kitambaa cha krusedi kilichofungwa kati ya nguzo mbili, bango. Halafu tunashangaa kwa nini mwenye duka na kanjo hawaelewani.

Mimi huandika programu, na katika kazi hii neno moja likibeba vitu viwili, jua hitilafu iko njiani. Chukua jedwali la vibali lenye aina moja tu, "bango". Programu haitauliza kama ni la kampuni kubwa ya simu au la fundi viatu. Itazidisha mita za mraba kwa ada, itoe ankara, basi. Kompyuta haina huruma, na haina macho ya kwenda kuangalia.

Tofauti yenyewe si ngumu. Kuna maandishi yanayokuambia kilichopo hapa hapa: duka, hoteli, zahanati. Na kuna yanayotangaza kitu cha kwingine, na mwenye ukuta au uwanja hulipwa ili yakae pale. La kwanza linaelekeza. La pili linauza macho ya wapita njia.

Wenzetu wameliweka hilo katika sheria. Mji wa São Paulo, Brazil, ulipitisha sheria ya Jiji Safi mwaka 2006, ikaanza kufanya kazi Januari 2007. Sheria hiyo iliyapa matangazo hayo majina mawili tofauti. La biashara ya kwingine likapigwa marufuku kwenye kuta na viwanja. La kutambulisha mahali likaachwa, ila kwa kipimo: jengo ambalo upande wake wa mbele haufiki mita 10 linaruhusiwa mita 1.5 za mraba. Kule Marekani, mji wa Austin, Texas, ulishtakiwa kwa kuwabana wenye mabango ya dijitali ya nje ya eneo la biashara kuliko yale ya kwenye eneo lenyewe. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2022 mahakama ikasema kwamba kutofautisha kwa kuangalia mahali si sawa na kubagua ujumbe.

Turudi nyumbani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kudhibiti matangazo ya nje. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ukiviunganisha hivyo viwili, mama mwenye kibanda ana haki ya kujua kwa Kiswahili anatozwa kwa kitu gani.

Na cha kuchekesha ni kwamba maneno tunayo! Mtu akikuelekeza mtaani atasema "fuata kibao cha zahanati". Hatasema bango. Kwa hiyo: kibao kiwe cha kutambulisha mahali, bango liwe la kutangaza. Najua kibao pia ni kofi, tena ni wimbo uliovuma. Hakuna atakayelipia kofi kibali.

Utaniuliza, na kioski kilichopakwa rangi za soda kuanzia chini hadi paani, jina la mwenyewe likiwa kwenye kona? Soda si inauzwa humo ndani? Jaribu hivi: yahamishe maandishi hadi mtaa mwingine. Kibao cha kinyozi kikihamishwa kinakuwa uongo, maana kinyozi hayuko huko. Rangi za soda zikihamishwa hazipotezi kitu. Basi ile kona yenye jina ni kibao, na ukuta wote uliobaki ni bango.

Sasa ile programu yetu. Iwe na aina mbili, kibao na bango, na safu nyingine ya anayelipa. Kibao kitozwe kidogo sana, au kiachwe kabisa, kwa sababu mji usio na vibao ni mji wa kupotea. Ankara ya bango iende kwa mwenye bidhaa, si kwa mama aliyepakiwa rangi bure halafu akaachiwa deni.

Kuongeza safu moja kwenye jedwali ni kazi ya dakika chache. Kukubaliana juu ya maneno ndiko kugumu, na hapo hata sisi waandishi wa programu hatuwezi kujificha nyuma ya mashine. Wewe unaonaje? Na kwenu mnaviitaje?