Sangara wa Ulaya anapimwa, mama wa Nyarugusu je?

Hivi jamani, ni lini tutaacha kupima samaki wa Mzungu peke yake?

Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Wakubwa wetu hapa Mwanza wanakumbuka mbio zilizopigwa. Leo minofu ya sangara haipandi ndege bila karatasi ya kuonyesha kuwa ni salama. Safi sana. Lakini mama wa Nyarugusu, Geita, anayechoma dhahabu yenye zebaki nyuma ya jiko lake, mtoto akiwa mgongoni, karatasi yake nani kaandika?

Msiniambie hakuna njia. Wenzetu China na Korea Kusini wametengeneza vitambuzi vinavyong'aa. Molekuli ya rodamini ikiwa imejifunga haing'ai. Ikikutana na zebaki inafunguka, na ukiimulika inawaka. Zebaki inaonekana ikiwa ndani ya seli hai!

Mtasema hayo ni mambo ya maabara. Kweli, vingi vinatambua aina moja tu ya zebaki, na havijawa kipimo cha zahanati. Lakini mkojo je? Nywele je? Moshi wa zebaki hupimwa kwa mkojo, zebaki ya samaki kwa nywele. Kikombe, mkasi na bahasha, basi.

Na tukipima tutashangaa. Mwaka huohuo wa 1999, Masazumi Harada wa Japan na wenzake walichapisha vipimo vya nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Miongoni mwa waliokutwa na zebaki nyingi walikuwamo watumiaji wa sabuni zenye zebaki. Tunamtilia shaka sato, kumbe sumu iko bafuni!

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Minamata walikuwa wavuvi kama sisi. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Serikali yao ikakiri chanzo chake mwaka 1968. Miaka 12 watu wanatetemeka, wakubwa wanabishana.

Sisi tunasubiri nini? Zahanati za maeneo ya dhahabu zianze kuchukua mkojo wa wachenjuaji, na vyuo vyetu vipewe fedha vitengeneze vitambuzi vya bei ya soda. Sangara ana cheti. Mama wa Nyarugusu naye anataka chake.