Mwalimu wa Shule ya Msingi na Shahada ya Pili ya Anthropolojia

Wanachuo wanapokaribia kumaliza mafunzo huuliza: baada ya cheti, tuendelee kusoma nini? Majibu wanayopewa huwa ni yale yale: uongozi wa elimu, mitaala, labda sheria. Anthropolojia, yaani elimu ya jamii za watu, desturi zao na namna wanavyoyaelewa maisha yao, hutajwa mara chache, na ikitajwa husemwa kwamba haimfai mtu wa chaki. Sisi tunayo maoni tofauti. Twaamini kwamba shahada ya pili ya anthropolojia yaweza kumfaa mwalimu wa shule ya msingi kuliko nyingi zinazosifiwa, kwa sharti moja: swali lake litoke darasani, na jibu lake lirudi darasani.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba njia yenyewe ni ndefu. Mwenye cheti hana budi kupitia stashahada na shahada ya kwanza kabla ya kuifikia ya pili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sosholojia na Anthropolojia, na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha anthropolojia hadi shahada ya pili. Anayeifuata njia hiyo kwa ajili ya mshahara peke yake atachoka kabla ya kufika. Kwa hiyo ni wajibu wetu kujiuliza mapema: elimu hii ina nini ambacho mwalimu hawezi kukipata kwingine?

Kuna wanaojibu kwamba haina kitu, kwa kuwa ilikuwa mtumishi wa ukoloni. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na aliyeitoa kwa nguvu zaidi katika Afrika Mashariki alikuwa mwalimu. Okot p'Bitek wa Uganda alisomea ualimu Mbarara, akafundisha shule karibu na Gulu, kisha akasoma elimu na sheria Uingereza, na hatimaye anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko alikasirishwa na wahadhiri waliowaita watu wake washenzi, akapinga, asisikilizwe. Hata hivyo hakuondoka mikono mitupu. Mwaka 1963 alimaliza tasnifu yake juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akatoa kitabu kuwashtaki wataalamu wa Magharibi kwa jinsi walivyoziandika dini za Kiafrika. Twajifunza kwake kwamba mtu aweza kuingia katika elimu hii bila kuisujudia, akachukua zana zake na kuzikataa dharau zake.

Tuangalie sasa milima yetu ya Usambara. Nani ameandika habari zake? Kipo kitabu cha Kiswahili kiitwacho Habari za Wakilindi, kilichotungwa na Abdallah bin Hemedi, ambacho husimulia kuja kwa Mbega na utawala wa ukoo wake uliokuwa na makao yake Vugha. Baada yake walikuja wageni wengi. Edgar Winans alitoa kitabu juu ya utawala wa Wasambaa mwaka 1962. Steven Feierman, mwanahistoria wa Marekani aliyesomea pia anthropolojia, alitoa historia ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, na mwaka 1990 kitabu kingine juu ya fikra za wakulima wake. Mwaka 1979 Anne Fleuret alichapisha utafiti juu ya majani ya porini katika chakula cha watu wa Lushoto. Hatuwalaumu, walikaa na watu, wakajifunza lugha, wakasikiliza. Lakini kazi zao zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Mtoto wa Mlalo au Bumbuli hazimfikii, ila akitokea mwalimu wa kuzifikisha.

Faida ya elimu ya namna hii huonekana pale ilipokosekana. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, kisha ikaueneza sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walilazimishwa kulima matuta mashambani. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, lakini watu walipinga, na miaka ya 1950 haikuisha kabla mpango haujafa. Maofisa walidhani ni ujinga. Feierman ameonyesha kwamba wakulima walikuwa na fikra zao zilizopangika: walisema juu ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Kwao afya ya ardhi haikutenganishwa na mvua, wala na haki baina ya watawala na raia. Tena kazi ya matuta ilikuwa nzito, na hofu ya kunyang'anywa ardhi ilikuwa kubwa. Mtaalamu wa udongo aliujua udongo. Hakuwajua wenye udongo. Mwalimu anayelijua somo na asiwajue wanafunzi wake yumo katika hatari ile ile.

Chukueni mfano wa daftari la mahudhurio. Siku ya gulio madawati kadhaa huwa matupu. Mwalimu mmoja ataandika utoro na kuandaa adhabu. Mwingine, aliyefunzwa kuuliza kwa utaratibu, atataka kujua: nani hubeba mboga hadi sokoni? Nani hubaki na mtoto mchanga mama anapoondoka? Je, wanaokosekana ni wasichana zaidi, au ni watoto wa nyumba zisizo na baba? Huenda akakuta sababu tatu tofauti mahali ambapo daftari lilionyesha kosa moja, na kila sababu yahitaji dawa yake.

Au chukueni somo la lishe. Lushoto yasifika kwa kabichi, karoti na matunda yanayopelekwa Tanga na Dar es Salaam. Mwalimu huchora karoti ubaoni kama chakula bora, na huenda mtoto akahitimisha kwamba mnavu na mchunga alivyokula jana ni chakula cha shida. Somo limemfundisha kuionea haya jamvi ya nyumbani kwao. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilituonya juu ya shule inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa waliosoma. Onyo hilo halijazeeka.

Mtu atauliza: ikiwa mwalimu aweza kuyafanya hayo bila shahada, shahada ya nini? Swali ni la haki. Mwalimu wa kijijini anavyo vitu ambavyo mtafiti mgeni huvitafuta kwa miaka: lugha, muda na kuaminiwa. Lakini anavyo pia vizuizi viwili. Cha kwanza ni mazoea. Tukionacho kila siku hatukioni tena. Mwalimu aliyezaliwa hapa aweza kupita miaka mingi bila kutambua kwamba watoto wake wa Kimbugu hutoka nyumba zenye lugha ya ajabu, ambayo maneno yake mengi ni ya asili ya Kikushi na sarufi yake ni ya Kibantu. Cha pili ni mamlaka. Mtoto humjibu mwalimu lile analodhani mwalimu analitaka. Masomo ya shahada ya pili humfunza mtu kuvipiga vita vizuizi hivyo: kulinganisha mashahidi, kutenganisha alichokiona na alichokidhania, na kulinda siri za watu. Hili la mwisho ni zito. Mwanafunzi si mpelelezi wa mwalimu katika nyumba ya wazazi wake, na habari za umaskini au ugonjwa wa jamaa hazifai kuwa mfano ubaoni.

Hasara nayo tuitaje. Mara nyingi anayeipata shahada ya pili huhamia ofisini au mjini, na shule iliyomlea hubaki na pengo. Ndiyo sababu tumeweka sharti. Anayekwenda na achague mada ambayo wenzake waliobaki wanaihitaji: mahudhurio, lugha ya nyumbani na ya shule, michezo ya watoto, kazi zao mashambani. Kisha matokeo ayaandike pia kwa Kiswahili, ayasome mbele ya wazazi na walimu, akubali kusahihishwa nao.

Kwa ninyi mtakaopangiwa shule hivi karibuni, mwanzo hauhitaji barua ya chuo kikuu. Chukueni daftari moja. Kila juma andikeni jambo moja msilolielewa juu ya wanafunzi wenu, muulize watu wawili wenye umri na hali tofauti, mwandike majibu yao pamoja na tarehe bila kutia hukumu. Baada ya mwaka mtakuwa na kurasa ambazo hakuna mgeni awezaye kuzipata kwa haraka. Mwenye nia ya kusoma zaidi atakuwa amekwisha pata swali lake. Asiyekuwa na nia hiyo atakuwa, walau, amewajua watoto anaowafundisha.