Ahadi ni Deni, Hata Ikiitwa Pointi

Najua gazeti letu huwa na makala nzito za siasa na uchumi wa bara letu, na pengine wengine mtaona mada yangu ya leo ni ya kitoto. Nataka kuzungumzia pointi. Zile ambazo wengi wetu tunazilimbikiza kwa kulala hotelini, kupanda ndege na kutumia kadi, halafu tunawapigia simu ndugu zetu nyumbani kujisifu kwamba safari hii tunalala bure. Hoja yangu ni fupi: hakuna cha bure hapo. Hilo ni deni tunalodai, na ubaya wetu sisi wanafunzi tulioko ughaibuni ni kwamba tunalidai kwa sauti ya mtu anayeomba msaada.

Kama kuna mji unaofaa kwa mjadala huu, basi ni Washington, D.C. na viunga vyake. Mwaka 1927 J. Willard Marriott na mkewe Alice walifungua pale kibanda chenye viti 9 cha kuuza kinywaji kiitwacho root beer. Mwaka 1957 wakafungua hoteli yao ya kwanza, Twin Bridges, ng'ambo ya mto Potomac, Arlington, Virginia. Leo makao makuu ya Marriott yako Bethesda, Maryland. Hilton nao walihama Beverly Hills, California, mwaka 2009, wakajenga ngome McLean, Virginia. Choice Hotels wako Maryland hiyo hiyo. Yaani wakubwa wanaoamua pointi ya mwanafunzi ina thamani gani wengi wao wamejipanga kuuzunguka mji huo mmoja.

Biashara yenyewe si ya juzi. American Airlines walianzisha mpango wao wa maili mwaka 1981, na mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott wakaiga kwa upande wa hoteli. Wazo lilikuwa rahisi: mteja akirudi tena na tena, apewe asante. Lakini asante hiyo imekua mpaka imekuwa sarafu. Janga la korona lilipoangusha usafiri, mashirika ya ndege ya hapa yalikwenda kukopa kwa kuweka rehani mipango yao ya maili. Delta walipata dola bilioni 9 mwaka 2020, na American dola bilioni 10 mwaka 2021. Jiulize, ndugu msomaji: kama ni zawadi tu, mbona wenye pesa wanaikubali kama dhamana?

Na fungua vitabu vya hesabu vya kampuni za hoteli uone. Pointi ambazo wateja hawajazitumia zinaandikwa upande wa madeni, mabilioni ya dola. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na wahasibu wa Bethesda na McLean wanakubaliana nao neno kwa neno. Ni sisi tu tuliobaki tukisema bure.

Sasa niwaeleze kilichonifanya nishike kalamu.

Oktoba iliyopita mama yangu alikuja kunitembelea. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Muheza, na tulikuwa hatujaonana miaka 5, maana wote mnajua kwamba kwenda nyumbani kwa mwanafunzi wa huku maana yake ni kwenda kuomba viza upya na kukaa roho juu. Alishuka Dulles. Nilitaka apumzike siku 3 na auone mji kabla hatujapanda basi kuja huku chuoni, kwa hiyo nikachukua chumba Arlington, kwa pointi 35,000 kila usiku, jumla 105,000. Pointi hizo nilizikusanya miaka 4, nyingi katika safari za mikutano ya kitaaluma. Wenzangu wa maabara mnajua mtindo: unatanguliza pesa yako, unalala, unarudi, halafu unasubiri chuo kikurudishie baada ya mwezi au miezi miwili. Pointi ndiyo riba pekee niliyopata kwa kukikopesha chuo.

Hoteli siitaji, wala kampuni yake. Ila niliomba vitanda viwili na chumba karibu na lifti, kwa sababu magoti ya Mama hayamruhusu kutembea sana, na uthibitisho niliokuwa nao mkononi ulisema vitanda viwili. Tukapewa chumba cha ghorofa ya tatu, mwisho kabisa wa ukumbi, kitanda kimoja, zulia linanuka unyevu, na hita inayonguruma kama mashine ya kusaga. Maji ya kuoga yalikuwa ya uvuguvugu. Kesho yake lifti ikaharibika, na Mama akashuka ngazi za ghorofa zote akishika ukuta.

Nilishuka mapokezi mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa hakuna chumba kingine. Mara ya pili dada wa mapokezi alitazama kompyuta yake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba, kwa kuwa nimelala kwa pointi, vyumba vilivyobaki wamewawekea wageni wanaolipa. Wakati huo huo walikuwa wameshashikilia dola 300 kwenye kadi yangu ya kawaida ya benki, eti dhamana ya kama nitavunja kitu. Hizo ndizo zilikuwa pesa zangu za matembezi, na zilirudi baada ya siku 8, Mama keshafika huku chuoni zamani.

Niliporudi chumbani nimenuna, Mama aliniambia, "Mwanangu, usigombane na watu kwa kitu cha bure."

Mama namheshimu, na najua neno hilo limetoka wapi. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hachagui kitanda. Ukifikia kwa mtu ukatandikiwa mkeka, unashukuru, na asubuhi unauliza kazi ipo wapi. Ni adabu nzuri na sitaki tuipoteze. Wanafunzi wangapi waliokwenda ubalozini D.C. kushughulikia pasipoti wamelala kwenye kochi la Mbongo mwenzao kule Silver Spring au Hyattsville, na hakuna aliyelalamika kuhusu zulia? Lakini adabu hiyo ni ya mwenyeji aliyekupa chake. Mwenye hoteli hajakupa chake. Unapoipeleka adabu ya mkekani kwenye dawati la mfanyabiashara, hiyo haiwi adabu tena, inakuwa punguzo la bei kwa upande wake.

Na mtu asidhani D.C. hawajui kutoa cha bure. Siku ya pili tulikwenda kwenye jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, lililofunguliwa mwaka 2016. Ni la Smithsonian, na kiingilio cha Smithsonian pale mjini ni bure kweli kweli. Mama akaazimwa kiti cha magurudumu bila kuulizwa kadi wala uanachama, nikamsukuma saa 4 nzima. Hicho ndicho cha bure, na hakuna aliyetukumbusha kwamba hatujalipa.

Mimi ni mtu wa uhandisi, na tunafundishwa kwamba mtambo ukigoma usimlaumu wa kwanza kumwona, tafuta ulipokatika. Nilipochunguza, niliona yule dada wa mapokezi hana kosa kubwa. Hoteli nyingi zenye majina makubwa si mali ya kampuni yenye jina. Jengo ni la mtu mwingine, analipa ada ili aruhusiwe kuweka bango mlangoni. Wewe ukilala kwa pointi, makao makuu ndiyo yanamlipa mwenye jengo, na usiku ambao hoteli haijajaa malipo hayo kwa kawaida ni madogo kuliko ya mgeni wa pesa taslimu. Basi aliyekuahidi ni mmoja, anayekupokea ni mwingine, na huyu wa pili hana hamu na wewe. Hapo ndipo palipokatika.

Pia mwenye kudaiwa ndiye anayepanga thamani ya deni. Zamani kulikuwa na jedwali: hoteli ya daraja fulani, pointi kadhaa, basi. Hilton waliacha kuchapisha jedwali lao mwaka 2017, Marriott wakaliondoa mwaka 2022. Sasa bei ya pointi inapanda na kushuka kama nyanya za Kariakoo. Wenzetu Wakenya hili mnalijua kwa Bonga Points za Safaricom, zilizoanza mwaka 2007. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba pointi zilizozidi miaka 3 zitafutwa kuanzia Januari 2023, ingawa baadaye mpango huo ulisitishwa. Deni gani hilo ambalo mdaiwa anaweza kuamka asubuhi akatangaza limekufa?

Sheria je? Inasaidia kidogo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani, pale pale Washington, iliamua kesi ya rabi mmoja wa Minnesota aliyefukuzwa kwenye mpango wa maili wa Northwest kwa kuwa, kwa maneno ya shirika, alilalamika mno. Alidai kwamba hata mkataba wa maili lazima utekelezwe kwa nia njema. Majaji wote 9 wakamkatalia dai hilo, kwa msingi wa sheria ya mwaka 1978 iliyoyafungulia mashirika ya ndege soko huria. Hiyo ni ya ndege, si ya hoteli, lakini funzo lake linatuhusu: usingoje mahakama ikusomee masharti kwa huruma. Kwa upande wa hoteli kuna afadhali kiasi. Tangu Mei 2025 kanuni ya tume ya biashara ya serikali ya Marekani inawataka waoneshe bei nzima pamoja na ada za lazima tangu mwanzo, si kukushtua mwishoni.

Niliwaandikia wenye mpango. Nikaambatanisha uthibitisho wa vitanda viwili na picha ya tangazo la lifti mbovu. Baada ya wiki 2 wakajibu kwamba wamenirudishia pointi 10,000 "kama hisani". Hisani! Katika pointi 105,000 nilizolipa kwa huduma ambayo sikupewa, wamenirudishia 10,000, na bado wanataka niseme asante. Nikawajibu kwamba siombi hisani, nadai. Hawajanijibu mpaka leo, lakini barua hiyo sijutii kuiandika.

Sasa tufanye nini? Sisemi tuzitupe pointi. Nasema tuzishike kama mtu anavyoshika hundi ya mfanyabiashara asiyemwamini sana.

Kwanza, piga hesabu. Tuseme chumba ndani ya D.C. ni dola 150. Kodi ya hoteli pale ni asilimia 15.95, kwa hiyo jumla ni karibu dola 174. Kama wanataka pointi 40,000, kila pointi imekununulia senti 0.43. Wakitaka 60,000 kwa chumba kile kile, imeshuka mpaka senti 0.29. Ukijua hivyo, hutasema tena bure. Utasema nimelipa dola 174, na utadai huduma ya dola 174.

Pili, usiziweke akiba kama shamba. Hazizai, zinaoza. Marriott na Hilton, kwa mfano, wanafuta pointi za mtu ambaye akaunti yake imelala miezi 24. Wangapi wamemaliza shahada, wakarudi Kampala au Mwanza, wakaziacha zife?

Tatu, kabla hujafika piga simu hotelini penyewe, si kituo cha kampuni. Uliza vitanda, lifti, ada ya kuegesha gari, na watashikilia kiasi gani kwenye kadi. Mwanafunzi mwenye dola 400 benki hawezi kushtukizwa dola 300.

Nne, likiharibika jambo, sema pale pale, kwa heshima, na uandike. Usitukane mtu wa mapokezi, naye ni mtu wa mshahara kama sisi, na kule Arlington huenda ni Mhabeshi au Mghana anayesoma jioni. Lakini usiondoke bila kusema. Na ukiandika, usianze na "samahani kwa usumbufu". Anza na ulichoahidiwa, halafu ulichopewa.

Chama chetu nacho kingeweza kusaidia. Kila Septemba tunawapokea wanafunzi wapya na kuwafundisha kufungua akaunti ya benki na kuvaa koti la baridi. Tuongeze nusu saa ya mambo haya ya kadi na pointi, maana ndiyo maduka yanawapa siku ya kwanza, tena kwa tabasamu.

Tumekuja huku kusoma, na moja ya masomo ambayo hayapo kwenye ratiba ni kujua lini unapewa na lini unalipwa. Anayekupa, mshukuru. Anayekulipa, hesabu mbele yake.

Naomba kutoa hoja.