Homoni za Uzazi Zisiishie Ubaoni

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walinena wahenga. Hata hivyo, namna mwili unavyouleta uchungu huo yaweza kujulikana na kila mwanafunzi, nami naona walimu wa Migori na Homa Bay wana sababu kubwa ya kuifundisha kikamilifu. Hesabu zilizotokana na sensa ya 2009 zilionyesha kwamba, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wanawake 673 walifariki Migori kwa sababu za uzazi, na 583 Homa Bay. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo nchini.

Mwanafunzi hukariri kazi ya kila homoni, akapata alama, akasahau. Lakini na tuutazame mpango wenyewe. Wakati wa mimba, projesteroni huituliza misuli ya mji wa mimba. Siku zikikaribia, estrojeni huiandaa misuli hiyo iitikie oksitosini, nazo prostaglandini huulainisha mlango wa uzazi. Kichwa cha mtoto kinapougandamiza mlango huo, ubongo hupata habari, na tezi ya pituitari hutoa oksitosini zaidi. Mikazo huongezeka, kichwa hugandamiza zaidi, hadi mtoto azaliwe.

Kazi haijaisha. Kondo la nyuma likibanduka, huacha mishipa ya damu wazi, na ni mikazo ya misuli ile ile inayoibana. Misuli ikilegea, mama aweza kufa katika muda wa saa chache. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila mama apewe yuniti 10 za oksitosini mara mtoto azaliwapo.

Hapo ndipo penye neno langu. Oksitosini ya sindano yapasa kuhifadhiwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto, nguvu zake hupungua ilhali sura yake haibadiliki. Mkunga hudunga akiamini ametibu, na damu ikaendelea kutoka. Katika zahanati ya kando ya ziwa, ambako joto ni kali na umeme hukatika, jokofu si pambo bali ni sehemu ya tiba. Karbetosini isiyoharibika kwa joto, ambayo shirika hilo liliikubali mwaka 2018, yaweza kusaidia pale bei yake inapokaribiana na ya oksitosini.

Tangu 2013 zahanati zetu zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi mwalimu wa biolojia akishafuta ubao, na awaulize wanafunzi wake: jokofu la zahanati yetu linafanya kazi? Umeme ukikatika, dawa hupelekwa wapi? Nani huandika kiwango cha joto kila siku? Kisha swali hilo hilo lifikishwe kwa mwakilishi wa wadi, naye atakiwe kulijibu kabla bajeti haijapitishwa.