Umeme Ukikatika Jukwaani
Kijana wa Kalima, mji wa machimbo ya bati, anayeota kwenda kushindana kuimba mjini Kindu, na amtazame mwimbaji Innoss'B wa Goma. Alipotwaa taji la shindano la uimbaji la Vodacom Superstar mwaka 2010 alikuwa na miaka 13 tu, lakini jukwaa halikuwa geni kwake: alikwisha kuimba na kaka zake katika kundi la Maisha Soul. Ni kana kwamba mchujo wake wa kwanza ulifanyika nyumbani, mbele ya ndugu zake. Kwa kijana wa Kalima, wimbo wa mashindano uchaguliwe kwa kuangalia sauti ya mwimbaji inafika wapi, si kwa umaarufu wa mwenye wimbo. Tena auzoee bila ala, maana umeme ukikatika (na hukatika!) majaji hubaki na koo lake tu. Akisahau ubeti, asiombe radhi, aendelee kuimba.