Kidonda cha Sikio Kisichopona
Mama mpendwa, je, nyumbani kuna mwenye kidonda sikioni kisichopona? Msikawie. Huenda ni kansa ya ngozi, ambayo kwa ajili ya jua huwapata sana ndugu zetu wenye ualbino. Wengi hujificha wakiogopa kukatwa sikio. Lakini kansa ikishaondolewa yote, pengo laweza kuzibwa kwa ngozi ya nyuma ya sikio. Ngozi hiyo huachwa imeshikamana na mahali pake wiki tatu hivi, ipate damu, kisha hutenganishwa. Pengo likiwa kubwa, gegedu la ubavu huwa kiunzi. Kusikia hakupotei, maana viungo vyake vimo ndani. Anayewahi hukatwa kidogo. Na mtoto mwenye ualbino avae kofia pana, ifunike na masikio.