Mtoto Si Mali ya Mahari

Ndoa inapovunjika, mume na mke huachana. Mtoto haachani na yeyote. Jambo hili ni jepesi kulitamka, lakini katika Mkoa wa Mara, tangu Musoma mjini hata Bunda na vijiji vya Butiama, bado wapo wanaume wasemao ya kuwa ng'ombe wa mahari walimlipia mke pamoja na watoto wake, na wapo wazee wanaowaunga mkono. Imetupasa kulisema waziwazi, maana linawagusa wafanyakazi, wakulima na wavuvi wetu.

Fikira hiyo ina asili yake. Katika koo zinazofuata upande wa baba, mahari ndiyo iliyoonyesha mtoto ni wa ukoo gani, na ukoo ndio uliompa jina, shamba na ulinzi. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliiandika kanuni hiyo: watoto waliozaliwa ndani ya ndoa ni wa baba. Hatuwadharau wazee wetu kwa hayo. Lakini mwaka 1971, chini ya uongozi wa Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa Na. 5, kwa watu wa dini zote na makabila yote ya Tanzania Bara. Sheria hiyo ililibadili swali lenyewe. Hakimu haanzi tena kwa kuuliza mtoto ni mali ya nani. Huuliza ni wapi atakapolelewa vema.

Kifungu cha 125 chatamka ya kuwa ustawi wa mtoto ndilo jambo la kwanza. Kisha hutazamwa matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Mila, basi, haikufukuzwa mahakamani. Imepewa kiti, ila si kiti cha mbele. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeongeza mengine ya kupimwa: umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, umri wake, faida ya kutowatenganisha ndugu, na ya kutomhamisha-hamisha mtoto.

Yapo makosa mawili ambayo hatuna budi kuyasahihisha.

La kwanza ni la miaka saba. Sheria yasema ya kuwa ni heri mtoto aliye chini ya miaka saba akae na mama, isipokuwa ushahidi ukionyesha vingine. Haisemi popote ya kuwa akiitimiza saba, baba aje amchukue kama mtu aliyekuja kudai amana yake. Baba anayemng'oa mtoto shuleni Bunda katikati ya muhula hatimizi sheria. Anaivunja amani ya mwanawe. Kadhalika mama asidhani atashinda kwa kuwa ni mama tu. Mtoto akiwa hatarini kwake, mahakama yaweza kumkabidhi baba, au hata mtu mwingine anayefaa.

La pili ni la fedha. Baba mwenye mshahara husema, "Mama hana kitu, atamlisha nini?" Kifungu cha 129 kimekwisha kumjibu: wajibu wa baba kuwatunza watoto wake ni ule ule, wawe mikononi mwake au mwa mwingine. Umaskini wa mama, basi, si hoja ya kumnyang'anya mtoto. Ni kumbukumbu ya deni la baba. Naye mama aliyepewa mtoto asimfiche. Mtoto ana haki ya kumzuru mzazi wa pili na kukaa naye, mradi masomo yake yasiharibike.

Ndugu zetu mnaoketi katika mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, twawaomba mkumbuke mpaka wa kazi yenu. Mkishindwa kupatanisha, mwaweza kupendekeza juu ya malezi ya watoto, lakini hukumu ni ya mahakama. Msimpeleke mwanamke kwao mikono mitupu kwa kuhesabu ng'ombe. Mwelekezeni mahakamani, na kwa afisa ustawi wa jamii. Wala asiogope lugha: tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Na hali ikibadilika baada ya hukumu, yeyote kati ya wazazi aweza kurudi kuomba amri ibadilishwe.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza ya kuwa binadamu wote ni sawa. Mtoto naye ni binadamu. Mwanachama anayelisifu Azimio mkutanoni, kisha nyumbani akamgombania mwanawe kama ndama, hajalielewa. Tunawataka viongozi wa matawi, Musoma, Bunda na Butiama, walifikishe neno hili vijijini: ng'ombe waweza kurudishwa zizini, bali utoto ukiisha kuharibiwa haurudishwi na mtu.